Punje Mbili za Tumbo Moja

Anatolia anavyosimulia yeye, mzee wa Muleba aliingia uani kwa Bi Maulida akiwa amefumba mdomo, hakumsalimu mtu, akawaendea ndege moja kwa moja. Akatoa dawa juu ya ulimi wake, akamlisha kasuku mmoja, akaipokonya tena mdomoni mwa huyo akamlisha wa pili, huku akinena maneno. "Nilikuwa nimesimama pale pale kwenye ua wangu naanika maharage," husema, "na macho yangu hayajanidanganya tangu nizaliwe." Tangu siku hiyo, husema, hakuna chenye manyoya kilichopona Rwamishenye, na kama binadamu wangekuwa na manyoya tungekwisha kuzikana.

Kuku wake wote walikuwa wamekufa isipokuwa tetea mmoja, ambaye shingo ilimgeukia mgongoni akawa anatazama alikotoka. Huyo Anatolia alimbeba kwapani hadi chemchemini, akamwonyesha kwa watu kama mtu aonyeshaye hati ya mahakama.

"Mtazameni. Huyu naye ni homa tu?"

Wanawake walimtazama tetea, wakatikisa vichwa. Mmoja wao alimwona Mariamu amesimama nyuma na debe lake, akamgusa mwenziwe, na sauti zikashuka. Kisha wakakumbuka kuwa Mariamu ndiye binti wa mzee mwenyewe, na kwamba yaliyokuwa yakisemwa yalimhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote, basi zikapanda tena.

"Lakini baba yake si Mkatoliki?" aliuliza mmoja.

"Kwani uchawi una ubatizo?" Anatolia alijibu. "Ngojeni mkungu, chifu wetu, arudi safarini. Nitamwekea kuku huyu mezani, aniambie yeye mwenyewe jina la ugonjwa huu."

Mariamu alichota maji, akajitwika, akaondoka. Nusu ya maneno ya Anatolia yalikuwa kweli. 

 

Ndege mwenyewe alikuja kwa lori la kahawa, ndani ya tundu la matete, mapajani mwa Shangazi Theopista wa Kanazi. Kaka yake, Mzee Karugendo wa Muleba, hakuwa amekanyaga nyumba ya Bi Maulida tangu binti yake Joviana asilimu, akaitwa Mariamu, akaolewa na Burhani, mwana wa Bi Maulida, fundi cherehani wa pale mjini. Hakumlaani wala hakumtafuta. Sasa moyo ulikuwa umemlainika, ila mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu, na yeye alifikiri sana achukue nini. Mbuzi angezua swali la nani amchinje. Lubisi, pombe ya ndizi, wasingeigusa. Mkungu wa ndizi kila mpita njia huleta. Hapo akakutana na wapasua mbao wanauza ndege waliowakamata, wamewarundika kwenye tenga moja, wa kila aina, akasikia kwamba mama mkwe wa binti yake anafuga kasuku na kumpenda kama mtoto. Akamchagua aliyekuwa na mkia mwekundu kuliko wenzake. Hicho ni kitu ambacho Mkristo hachinji na Mwislamu hali.

"Kaka anasema huyu atangulie," alisema Theopista, akaweka tundu barazani. "Yeye atakuja akishapeleka kahawa yake kupimwa. Anasema, mwenye nyumba akimpokea ndege, na yeye atapokelewa."

Bi Maulida aliinama akamtazama ndege pande zote, mikono ameiweka nyuma. Alikuwa mama mnene, mwenye mwendo wa polepole, mjane wa mpishi wa meli. Juu yao, kwenye ndoano ya dari, kasuku wake mwenyewe, Tarishi, alikuwa akining'inia kichwa chini akimchungulia mgeni. Tarishi alinunuliwa ng'ambo ya ziwa na marehemu, na kila hodi iliyopigwa katika nyumba ile yeye ndiye aliyeitika, "Nani huyo?" kwa sauti ya marehemu, nzito na yenye kukereketa kwa tumbaku.

"Ndege mzuri," alisema Bi Maulida. "Mwambie mkwe wangu nimeshukuru sana. Mariamu, mpeleke jikoni."

Theopista alikohoa. "Jikoni, waitu? Kwenye moshi?"

"Jikoni. Mpaka mwezi mwingine uandame."

"Amekosa nini?"

"Hajakosa. Ni mgeni tu." Bi Maulida aliketi, akaanza kueleza kwa subira, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi. "Kuna mwaka marehemu alileta jogoo kutoka sokoni, ana kishungi kama kilemba cha liwali. Tukamwachia siku ile ile aende na wenzake, kwa kumheshimu. Ijumaa iliyofuata hatukuwa hata na kuku wa kufukuza mlangoni. Tangu hapo hapa kwangu ndege mgeni hukaa peke yake kwanza. Akiwa na lake litaonekana. Baada ya hapo wasikiane. Kisha waonane kwa mbali. Mwisho ndipo wakaribiane. Hata watu, si ndivyo tunavyoposana?"

"Kwa hiyo anakaa eda," alisema Burhani, aliyekuwa ameegemea mlango, na mama yake akacheka.

Theopista hakucheka. Eda ni ya mjane, na kucheka kwao kulikuwa ni kucheka kwa kitu kilichotoka kwao Muleba. Alipopewa kikapu cha kahawa ya kutafuna, ambayo mgeni hukaribishwa nayo, alichukua punje akaifunga kwenye pindo la kanga badala ya kuitia mdomoni.

Mgeni naye, tundu lilipoinuliwa, alitoa sauti yake ya kwanza. "Kasinge waitu," alisema. Ni salamu ya Kihaya ya kushukuru, naye aliitamka kwa adabu kabisa.

"Heee!" alisema Bi Maulida. "Hata Kiswahili hajui."

 

Kazi ya wale ndege ikawa ya Mariamu. Asubuhi alianza na Tarishi: ndizi mbivu, karanga chache, maji. Kisha aliwafungulia kuku. Mwisho kabisa ndipo aliingia jikoni kwa mgeni, akavaa kanga kuukuu iliyokuwa ikining'inia kwenye msumari kwa kazi hiyo peke yake, na alipomaliza aliivua, akanawa mikono kwa majivu na maji ya moto. Kibuyu cha mgeni hakikutoka mlangoni. Kuku waliwekewa kizuizi cha magome ya migomba wasiingie kudonoa makombo. Bi Maulida alikagua mambo hayo yote akiwa amekaa mkekani, kwa kuuliza tu.

"Umenawa?"

"Nimenawa, Mama."

"Nionyeshe kucha."

Mariamu alinyoosha mikono kama mtoto wa shule. Alikuwa mwanamke aliyeolewa na alikuwa na vitambaa vyake mwenyewe alivyodarizi ukutani, lakini kucha alizionyesha.

Kabla mwezi haujafika nusu aliona jambo. Mgeni alikuwa amejifutua manyoya mchana kutwa, kama mtu aliyejifunika shuka kwenye baridi, na alilala jua likiwaka. Mkia wake ulipanda na kushuka kila alipovuta pumzi. Kinyesi chake kilikuwa cha kijani na cha majimaji. Mariamu alikaa mbele ya tundu muda mrefu, akitazama. Kisha alikwenda barazani pa duka la Mhindi, Burhani alipokuwa akishona, akamwambia.

Burhani alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Umemwambia mama?"

"Nimeanza na wewe."

"Vizuri. Nyamaza kwanza. Ukimwambia, atamrudisha. Akimrudisha, baba yako atasema tumemtupia zawadi yake usoni, na hapa hatatia mguu mpaka anakufa. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi. Si yuko jikoni? Si unanawa? Atamwambukiza nani, sufuria?"

Mteja mmoja alikuwa akingoja suruali yake, na Burhani akairudia mashine. Mariamu alinyamaza. Alimpikia mgeni uji mwepesi wa ulezi, akamsogeza karibu na mafiga usiku, na siku moja akamkuta amesimama wima, anapiga mdomo kwenye matete, anadai chakula. Alimshukuru Mungu, kisha akakumbuka amshukuru kwa Kiarabu, akashukuru upya. Kupitia ukutani mgeni alikuwa amekwisha kulinasa neno la Tarishi, na mtu alipopiga hodi ziliitika sauti mbili, moja barazani na moja jikoni: "Nani huyo?"

Aliona kwamba jambo limepita. Hakuna aliyemwambia kwamba lililopita kwa mmoja linaweza kuwa bado liko njiani kwa mwingine.

 

Mzee Karugendo alikuja siku ambayo Bi Maulida alikuwa amekwenda kwenye hitima mjini. Alivaa kanzu nyeupe na koti juu yake, kofia mkononi, viatu vimefutwa vumbi kwa jani la mgomba pale pale nje ya ua. Mariamu alipiga magoti kumwamkia, na yeye akamwekea mkono kichwani, juu ya ushungi, akauacha hapo kidogo.

"Joviana."

"Tata."

Hakumrekebisha jina. Alimwekea kiti, akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Mzee alichukua, akatafuna, akaangalia nyumba, dari, vitambaa ukutani, ndege kwenye ndoano.

"Na wangu yuko wapi?"

"Yupo, Tata. Ngoja kwanza ule. Mama atarudi..."

"Nimekuuliza ndege yuko wapi."

Akamfuata hadi jikoni. Moshi ulikuwa mwingi, kuni zilikuwa mbichi. Tundu la matete lilikuwa limeshika masizi, na mgeni ndani yake, mweusi kidogo kuliko alivyokuja. Alimtazama mzee kwa jicho moja, akasema, "Kasinge waitu."

Karugendo aliigeuza kofia mkononi. 

"Theopista aliniambia nikakataa. Nikasema ni maneno ya wanawake." Alizungumza Kihaya sasa. "Kwetu hata mgonjwa wa ndui alijengewa kibanda chake kisafi. Ndege wangu anakaa na kuni."

"Tata, si kwa ubaya. Ni desturi yao ya ndege. Kila mgeni. Hata kuku."

"Mwezi haujakwisha?"

"Umebaki kidogo tu. Tafadhali, Tata. Ngoja Mama aje, atakueleza mwenyewe."

"Wewe unaonaje? Mimi nikija hapa, nilale wapi? Jikoni?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema kuwa ndege alikuwa ameugua.  Lakini kumwambia mzee aliyekuja kwa mara ya kwanza, aliyefuta viatu kwa jani, kwamba zawadi yake ilikuwa na maradhi, ilikuwa sawa na kumwambia atoke. Na ndege yule alikuwa amepona, amesimama pale, anasalimia. Mariamu alitazama chini.

Karugendo alichukua tundu mwenyewe. Alilipeleka barazani akaliweka juu ya kinu, akamteremsha Tarishi kutoka kwenye ndoano akamweka ubavuni mwake, tundu kwa tundu. Ndege wakatazamana. Tarishi alijifutua, akapiga kelele, "Vua viatu!" Mgeni akarudi nyuma.

"Mnagombana nini," alisema mzee, na sauti yake ikalainika kwa mara ya kwanza. "Mmezaliwa pori moja."

Akachagua kwenye kikapu tunda moja la kahawa lililokauka vizuri, akalipasua kwa meno, akatoa punje mbili zilizokuwa zimelala humo tumbo kwa tumbo. Wazee wa Kihaya walifunga undugu kwa namna hiyo: punje mbili za tunda moja, kila mmoja apokee iliyotoka kwa mwenzake, na baada ya hapo hakuna awezaye kumdhuru mwingine. Watu huzipaka punje hizo damu yao. Kwa ndege mzee aliona mate yatatosha. Akampa mgeni punje ya kwanza, mgeni akaigeuzageuza mdomoni kwa ulimi wake mweusi. Akampa Tarishi ya pili, Tarishi akaimung'unya. Kisha akawatoa, akabadilisha.

"Ya kwako kwake, ya kwake kwako. Sasa ninyi ni wa tumbo moja. Atakayemla mwenzake, tumbo limvimbe."

Alisema hivyo akicheka. Mariamu naye akacheka kidogo, kwa sababu baba yake alikuwa anacheka ndani ya nyumba yake. Ng'ambo ya ua Anatolia alikuwa anaanika maharage.

Bi Maulida alirudi jua linapinda. Alipofika kwenye ngazi aliona matundu mawili yameshikamana, akaona mzee amekaa kwenye kiti cha marehemu, akasimama. Halafu akapanda.

"Karibu, mkwe wangu. Karibu sana. Leo nyumba imepata baraka."

"Nimekaribia, Bi Maulida. Nimemtoa mwenzangu kwenye moshi."

"Nimeona."

Aliketi naye. Alimwuliza habari za Muleba, za kahawa, za mvua. Alimpa chakula, akamsimamia ale, akamwongezea. Hakuna neno hata moja la ukali lililotoka, kwa kuwa mkwe akiwa anakula hakemewi. Ila macho yake yalikuwa kwenye matundu, na kila Tarishi alipotia mdomo kati ya matete ya mwenziwe, Bi Maulida alisahau alichokuwa akisema. Mzee alipoondoka kwenda kulala kwa dada yake Kanazi, alisindikizwa hadi barabarani.

Bi Maulida aliporudi alimwinua Tarishi akampandisha kwenye ndoano yake, na ndege mgeni akamrudisha jikoni aanze mwezi upya.

"Wamekaa pamoja tangu saa ngapi?"

"Tangu adhuhuri, Mama."

"Yule ndege mgeni ni mzima?"

Kuku walikuwa wanaingia bandani. Mariamu aliwatazama kuku.

"Mzima, Mama."

 

Tarishi alianza kulala mchana. Bi Maulida alisema ni uzee. Kisha mkia ukaanza kupanda na kushuka, na Bi Maulida akaacha kusema ni uzee. Alivuta mkeka wake mpaka chini ya ndoano, akawa anampa maji kwa kidole, tone kwa tone, akimwita kwa majina ambayo Mariamu hakuwahi kuyasikia, na ambayo pengine hayakuwa ya ndege. Siku ile Tarishi alipokufa mwuza samaki alipiga hodi nje, na sauti ya jikoni peke yake ikaitika, "Nani huyo?" Bi Maulida aliinua kichwa, akatazama kwenye ndoano kwanza, kisha jikoni.

Kuku wakafuata. Walianza kwa kupiga chafya, wakaingia kuhara kijani, wakamaliza kwa kuzunguka wakipinda shingo. Watu waliita kideri. Jogoo aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya dua ya marehemu alikufa akiwa na punje za mtama mdomoni. Burhani aliwafukia nyuma ya migomba, akiwa na shati la kazini, akirudia kwamba kideri hupita kila mwaka, hata walipo wasio na kasuku. Hakuna aliyembishia. Kasuku wa Muleba hakuumwa tena. Alinenepa.

Kutoka kwa Bi Maulida maradhi yaliruka ua yakaingia kwa Anatolia.

Anatolia hakumngoja mkungu. Alikuja asubuhi moja na tetea wake wa shingo kombo, na nyuma yake watu wa chemchemini, na watu wengine waliokuwa wanapita wakaona si vyema kupitiliza.

"Bi Maulida! Toka nje. Sina ugomvi na wewe. Na wewe umeumizwa kama mimi."

Bi Maulida alitoka, akajishika nguzo ya baraza. "Nimetoka."

"Ndege wako amelishwa. Nimeona. Mzee yule alitia dawa mdomoni mwake, akawalisha, akawaapiza. Nilimsikia: tumbo livimbe. Mwulize huyo binti yake kama ni uongo. Tata wake alikuja kulipa kisasi cha kunyang'anywa mtoto, akaanza na ndege. Kesho ni nani? Ni wewe!"

Watu waliguna. Bi Maulida aligeuka polepole.

"Mariamu. Ni uongo?"

Mariamu alikuwa ameshika ufagio. Alifikiri juu ya baba yake akiitwa barazani kwa mkungu, amesimama na kofia mkononi mbele ya askari, akiulizwa dawa ni ya nani. Kwa jambo kama hilo watu walikuwa wakipelekwa mbali na kwao, na waliobaki nyumbani migomba yao hukatwa. Njia ya kumtoa huko ilikuwa moja tu, nayo ilipita juu ya kichwa chake mwenyewe.

"Si dawa," alisema. "Ilikuwa kahawa. Hii hii tunayotafuna. Aliwafunga undugu."

"Undugu!" alisema mtu, na watu wawili watatu wakacheka.

"Alimpa kila mmoja punje iliyotoka kwa mwenzake. Hakuapiza, alikuwa anatania. Na..." Aliuegemeza ufagio ukutani. "Ndege alikuwa mgonjwa tangu kabla. Niliona mimi, jikoni. Alihara kijani, akalala mchana. Tata hakujua. Mimi ndiye niliyejua, nikanyamaza. Akapona, nikaona yamekwisha."

 Burhani, aliyekuwa anatoka na tepu yake shingoni, alirudi ndani hatua moja, na Mariamu aliona kwamba yeye hataongeza neno.

Bi Maulida alimtazama Mariamu, kisha akawatazama watu.

"Mmesikia. Hapa hakuna mchawi. Kuna ndege mgonjwa, na watu wasioambiwa na wasiosema. Anatolia, mkungu muache alale. Ukimwita, na mimi nitakwenda kusema niliyoyasikia sasa hivi."

"Na kuku wangu?"

"Burhani atakushonea gauni."

"La kitambaa chake au changu?"

"Chake."

Anatolia alifikiri, akamhamisha tetea kwapa la pili. "Liwe na malinda," alisema, "na mikono ya puto." Watu walitawanyika wakiwa wamepungukiwa kidogo.

Bi Maulida hakumgombeza Mariamu, siku ile wala zilizofuata. Aliingia jikoni, akaichukua ile kanga kuukuu kwenye msumari, akaivaa mwenyewe. Tangu siku ile yeye ndiye aliyemlisha kasuku, yeye ndiye aliyemwaga maji yake, na alipomaliza alinawa kwa majivu, akanyoosha mikono yake mnene mbele akazitazama kucha zake peke yake. Wala Bi Maulida hakumwita tena Mariamu kwa jina lake. Alimwita mke wa Burhani. "Mke wa Burhani, chumvi." "Mke wa Burhani, mlango."

 

Habari zilifika Kanazi, na kutoka Kanazi zikafika Muleba. Mzee Karugendo alikuja bila kutuma mtu wa kumtangulia. Mvua ilikuwa imenyesha, na viatu vyake safari hii vilikuwa na tope, hakuvifuta. Alisimama nje ya ua, mahali penye pengo la kuingilia, kofia kifuani.

"Hodi."

"Nani huyo?" sauti nzito iliitika kutoka barazani. Bi Maulida alikuwa amelitundika tundu la matete kwenye ndoano ya Tarishi siku mwezi wa pili ulipoandama, kwa maana muda ulikuwa umetimia, na mwenye kutimiza muda hukaribishwa.

"Ni mimi. Karugendo."

Bi Maulida alikuwa mkekani anachambua mchele kwenye ungo. Mariamu alikuwa kizingitini. Hakuna aliyesema karibu. Mariamu alipiga magoti pale pale alipokuwa, mbali, akamwamkia kwa Kihaya kwa sauti ndogo, na mzee akaitikia kwa kichwa.

"Bi Maulida," alisema. "Sikuleta kitu. Nilichokileta mara ile kinatosha." Alingoja. "Sikujua. Lakini nyumba ilikuwa yako, na mtoto aliniomba ningoje, sikungoja. Nilitia mkono katika kikapu chako nikagawa kahawa yako kama mwenye nyumba. Hilo nilijua."

Ungo ulipepetwa. Makapi yaliruka, yakatua mahali ambapo zamani kuku walikuwa wakiyagombania.

"Joviana ni mtoto. Msimbebeshe kosa lililo langu."

Bi Maulida alikiokota kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa uani.

"Sitaingia," alisema mzee. "Lori linaondoka. Naomba punje moja tu ya kahawa, mkwe wangu, nitafune nikiwa nimesimama hapa hapa, nirudi kwetu."

Kikapu kilikuwa kwenye rafu, mkono wa Mariamu ulipofika. Alikishusha, akakipakata, akainua kifuniko. Alimtazama mama mkwe wake, akingoja neno, au ishara, au hata kukohoa. Bi Maulida alichota konzi nyingine ya mchele kutoka kwenye mfuko, akaimwaga kwenye ungo, akaitandaza kwa kiganja, akaanza kuchambua upya kutoka ukingoni.